Jina la Tatu

Ifahamike tangu mwanzo kwamba Kip Roelfs hakukusudia kumdhuru mtu. Kila mchokozi duniani husema hivyo akishikwa, na Kip alikuwa ameshikwa mara nyingi kiasi cha kulikariri tamko lenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, kocha msaidizi wa mieleka katika Chuo cha Vriesland, Iowa, mahali ambapo mahindi huanzia nyuma ya maegesho ya magari na kuendelea mpaka macho yachoke. Katika miaka mitatu ya utumishi wake alikuwa ameshafunga kengele ya ng'ombe chini ya kiti cha mkurugenzi wa michezo, na aliwahi kuichezea mizani ya kupimia uzito hadi kijana mmoja mnene akalala njaa bila sababu yoyote ya kitaaluma.

Kocha mkuu, Harlan Dykstra, alimsamehe kila mara kwa namna ileile. Alimtazama kwa sekunde nne, kisha akasema, "Kapige deki."

Mikeka ya mieleka lazima ipigwe deki kila siku, la sivyo vijana huota mapunye. Kip alikuwa amepiga deki kuliko wafagizi wote wa chuo wakijumlishwa.

Agosti ile nchi nzima ilishikwa na wazimu wa barafu. Mtu alijimwagia ndoo ya maji ya barafu mbele ya simu, akataja majina ya watu watatu, nao wakapewa saa ishirini na nne wajimwagie au watoe mchango. Wengi walifanya yote mawili. Michango ilikwenda kwenye utafiti wa ugonjwa ule unaolegeza misuli mmoja baada ya mwingine, mikono, miguu, ulimi, mwishowe pumzi, huku akili imekaa macho inatazama. Makocha wa vyuo waliupokea mchezo huu kwa mikono miwili, kwa kuwa hakuna kiumbe anayependa kumdhalilisha mwenzake hadharani kama kocha. Wa besiboli alilowa. Wa voliboli alilowa. Wa kuogelea alilowa pia, ila wenzake walilalamika kwamba yule amedanganya, maana hajawahi kuonekana mkavu.

Jumatatu, kocha wa mieleka wa chuo cha jirani, adui wa miaka thelathini, alijimwagia yake na kusema huku meno yanagongana, "Namtaja Harlan Dykstra, kama bado anaoga."

"Sijimwagii kitu," Harlan alisema ofisini, macho kwenye karatasi. "Nimeshatuma mchango."

"Hilo ni jema, kocha. Lakini amekuita mchafu."

"Aniite."

"Watu laki moja wamesikia."

Harlan akainua kichwa. "Laki moja?"

"Pamoja na mkwe wako."

Sekunde nne zikapita. "Kalete ndoo," Harlan akasema.

Walipanga kufanya kesho yake, nje ya ukumbi wa mieleka. Barafu ilichotwa kwenye mashine ya chumba cha tiba, ileile ya kukandia vifundo vya miguu vilivyoteguka. Harlan alivua miwani yake akamkabidhi Kip, kwa sababu ilikuwa mipya na mkewe alikuwa ameshamwonya. Bila miwani, Harlan hakuweza kusoma kitu kidogo kuliko bango la barabarani. Kwa hiyo Kip alichukua ubao wanaoandikia uzito wa vijana, akaandika majina matatu kwa herufi kubwa kama viganja, akausimamisha kando ya simu.

"Majina nimeshachagua mimi, kocha," alisema baada ya kuwasha simu, vijana wakiwa bado wanatoka ukumbini kwa kelele. "Wewe soma tu."

"Ni watu wa maana?"

"Utawapenda."

La kwanza lilikuwa la mkurugenzi wa michezo wa chuo cha adui. La pili lilikuwa la mchungaji wa kanisa lao. La tatu lilikuwa Tate Wiersma.

Hapa inabidi tuvue kofia na kusimama kidogo. Tate alikuwa na miaka kumi na saba, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, mwanamieleka bora wa uzani wake katika kaunti tatu. Baba yake, Merle, mfugaji wa nguruwe, aliwahi kupigana mieleka chini ya Harlan robo karne iliyopita. Miaka miwili nyuma Merle alijaribu kufunga komeo la zizi, vidole vikakataa. Alidhani ni baridi. Ilikuwa mwezi Julai. Sasa alikaa kwenye kiti cha magurudumu, na ugonjwa uliomkalisha ndio huohuo ambao nchi nzima ilikuwa inajimwagia barafu kwa ajili yake. Alikuwa amesema jambo moja, amelisema kwa kila mtu aliyeingia jikoni kwake: anataka kuwepo chumbani Novemba, siku Tate atakapotia saini mkataba wa kujiunga na timu ya Vriesland. Daktari hakuahidi kitu baada ya Krismasi.

Kip alifikiri kwamba Tate atacheka na Merle atafurahi kusikia jina la mwanawe kinywani mwa kocha wake wa zamani. Alifikiri hivyo kwa muda uleule ambao kalamu hutumia kuandika herufi kumi na moja.

Jambo ambalo hakulifikiri lilikuwa swali la kumi na saba. Kila mwaka makocha wote wa vyuo hukalishwa mtihani wa kanuni za kuwatafuta wachezaji, na asiyefaulu haruhusiwi hata kumsalimia mtoto wa sekondari. Swali la kumi na saba la mwezi Juni liliuliza kama kocha anaweza kumtaja hadharani kijana ambaye hajatia saini. Kip alijibu hapana. Alipata alama zake zote na akajisifu nyumbani.

Harlan akainua ndoo. Akajimwagia. Mzee wa miaka hamsini na minane, ambaye hakuna kijana aliyewahi kumwona akitabasamu wakati wa msimu, akatoa mlio mwembamba na kumwita mama yake kwa Kifrisia, lugha ya bibi yake, ambayo hakuwa ameitumia tangu alipoanza shule. Kisha, akipepesa macho, akasoma ubao. La kwanza. La pili. "Na Tate Wiersma!"

Vijana wakapiga mayowe. Kip akakata mwanzo na mwisho wa video, akaituma. Kufikia Jumatano asubuhi, watu laki nane walikuwa wamemsikia Harlan Dykstra akimlilia mama.

Jumatano hiyohiyo, saa tatu, aliingia Lorna Teachout, msimamizi wa kanuni wa chuo, mwanamke mwembamba aliyevaa sweta hata wakati wa joto. Hakuketi.

"Nani alichagua majina?" akauliza.

Kip alifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, Harlan alisema, "Mimi."

"Harlan, nakuuliza vizuri. Ukisema mlikuwa mnataniana, nitaandika. Ukisema umechagua, nitaandika pia."

"Limetoka kinywani mwangu, Bi Lorna. Laki nane wameliona."

Lorna akafungua jalada. "Basi sikilizeni, maana hili silirudii. Kocha mkuu akimtaja kwa makusudi kijana ambaye hajatia saini, chuo kinaachana na kijana huyo. Hakuna simu, hakuna barua, hakuna kumtembelea. Hatatia saini hapa. Barua naipeleka kwa shirikisho la michezo ya vyuo Ijumaa saa kumi na moja jioni."

"Jumamosi naenda kwao," Harlan alisema. "Mama yake, Arlys, anaoka pai."

"Huendi tena."

"Niwapigie basi, niwaambie kwa nini."

"Huwapigii. Wala wewe, Kip. Hata wakikupigia, hujibu. Barua rasmi itawafikia kwa posta."

Akatoka. Kip alikuwa na maneno mengi, yote yakiwa yamejipanga mlangoni yanasukumana.

"Kocha, kwa nini—"

"Mkeo Renae anajifungua lini?"

"Novemba."

"Na bima ya hospitali ni ya nani?"

"Ya chuo," Kip alisema.

"Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Watanipa onyo, nitalitundika ukutani karibu na vikombe." Alivaa miwani yake, akavua, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Wewe mkataba wako ni wa mwaka mmoja mmoja. Watakuvua kama soksi."

"Lakini Tate..."

"Nalijua jina lake," Harlan alisema. "Nimelisoma ubaoni." Hakuongeza sauti. "Kapige deki."

Kip alipiga deki. Alianzia kona ya mashariki, akarudi kinyumenyume kama inavyotakiwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya uhalifu, adhabu ilikuwa ndogo kuliko kosa, na aligundua kwamba hali hiyo haina raha yoyote.

Alhamisi, saa sita mchana, simu yake ilitetemeka akiwa anakula mkate wa nyama kwenye gari. Ilikuwa video kutoka kwa Tate. Kijana amesimama uani kwao bila shati, ndoo ya kulishia nguruwe mikononi. "Kocha Dykstra, nimesikia wito," alisema kwa kiburi cha bandia, akajimwagia, akaruka kama mbuzi. Halafu sauti nzito, yenye maneno yanayoburuta miguu, ikasema pembeni ya picha, "Na mimi. Kidogo."

"Baba, hapana. Mama ataniua."

"Mama yako... yuko sokoni. Mwaga."

Tate akachota maji kwa kikombe, akayamwaga taratibu kwenye utosi wa baba yake, jinsi mtu anavyombatiza mtoto. Merle akacheka. Kicheko chake kilichelewa kufika, kikakaa muda mrefu, bega moja likitikisika na la pili limetulia. Mwishoni Tate aliikaribia simu na kusema, "Namtaja mtu mmoja tu. Kip Roelfs. Saa ishirini na nne, kocha. Usikimbie."

Chini yake kulikuwa na ujumbe. *Baba anauliza Kocha Dykstra anapenda pai ya nini siku hizi, ya rubabu au ya tufaha. Mama anataka kujua kabla ya kesho.*

Lilikuwa swali jepesi kabisa. Harlan anapenda ya rubabu, yale mashina mekundu machungu ya bustanini. Dunia nzima inajua. Kip aliandika "Ruba", akafuta. Sheria ilisema asijibu, naye hakujibu, na mkate wa nyama ukapoa mapajani mwake.

Baada ya saa moja ujumbe mwingine ukaingia. *Upo?*

Jioni, mwingine. *Kocha, kuna tatizo?*

Renae alikuwa mezani anakata mahindi kwenye gunzi, tumbo likimzuia kukaribia. Kip akamsimulia yote, tangu ubao. Hakupunguza. Renae alisikiliza bila kuacha kukata.

"Kwa hiyo ukikaa kimya, sisi tuko salama," alisema.

"Ndiyo."

"Na ukisema?"

"Nitafukuzwa. Labda wale wa shirikisho watamruhusu Tate. Labda."

"Labda ngapi?"

"Moja tu. Kubwa."

Renae akaweka kisu chini. "Mwezi Mei uliniwekea chura wa mpira kwenye begi la kliniki," alisema. "Nesi alipiga kelele. Nilicheka mpaka nikalia. Unajua kwa nini nilicheka? Kwa sababu ulikuwepo pale kwenye benchi, umeinua mkono kama mtoto wa chekechea, unasema 'mimi, mimi'." Akachukua kisu tena. "Shule ninayofundisha inatoa bima. Ni mbovu, lakini ipo. Niliiulizia mwezi uliopita, kwa sababu nimeolewa na wewe."

Ijumaa saa kumi na nusu jioni, Kip aligonga mlango wa Lorna Teachout. Barua ilikuwa mezani, imekunjwa mara tatu, haijatiwa kwenye bahasha. Aliweka simu juu ya meza na kuicheza video nzima, isiyokatwa. *Majina nimeshachagua mimi, kocha. Wewe soma tu. Ni watu wa maana? Utawapenda.*

Lorna aliicheza mara mbili. Mara ya pili alifumba macho.

"Ulijua kwamba huyu kijana tunamtafuta?"

"Ndiyo."

"Ulijua kanuni?"

"Swali la kumi na saba," Kip alisema. "Nililipata."

Lorna akavuta pumzi. "Basi ni kifungu kingine. Kocha mkuu hakujua anachosoma, aliyefanya ni msaidizi. Msaidizi anaondoka. Si wiki ijayo, sasa hivi, unaacha funguo hapa. Kisha tunaliomba shirikisho lituruhusu kuendelea na kijana. Hujaokoa kitu bado, Kip, usijidanganye. Tunaomba tu. Wanaweza kukataa."

"Watachukua muda gani?"

"Wiki sita. Nane. Mpaka hapo, chuo bado hakiruhusiwi kusema nao hata neno."

"Watakaa wiki nane wakidhani tumewatupa?"

"Barua rasmi itawafikia Jumatano au Alhamisi."

"Barua ya vifungu," Kip alisema. "Merle hawezi hata kuishika. Tate ndiye atakayemsomea."

Alitoa funguo mfukoni, ya ukumbi, ya ofisi, ya stoo ya dawa ya deki, akazipanga mezani. Lorna akaichana ile barua ya kwanza vipande vinne vilivyolingana. Halafu, akiangalia dirishani kwa umakini wa mtu anayehesabu ndege, akasema, "Kanuni zangu zinawahusu watu wa chuo. Mtu ambaye si wa chuo, sina kifungu cha kuniambia Jumamosi yake anakula pai wapi. Nimetafuta."

Harlan alikuwa anamsubiri kwenye korido. Habari huenda haraka katika jengo lenye feni moja. Akamtazama. Zikapita sekunde nne, nane, kumi na mbili. Kip akangoja aambiwe akapige deki, ila Harlan hakusema. Alitikisa kichwa, akaingia ofisini na kufunga mlango polepole, na Kip akatamani angeubamiza.

Jumamosi aliendesha gari maili kumi na mbili kuelekea kaskazini, akipita mahindi, kanisa, mahindi. Arlys Wiersma, mke wa Merle, alikuwa barazani na aproni. Aliangalia nyuma ya gari kumtafuta mtu wa pili.

"Harlan yuko wapi?"

"Hawezi kuja, mama. Nimekuja kueleza."

Jikoni meza ilikuwa imetandikwa sahani tano. Pai zilikuwa mbili, ya rubabu na ya tufaha, kwa kuwa hakuna aliyewajibu. Kip hakuketi. Aliwaeleza amesimama, mikono mgongoni: ubao, jina la tatu, kanuni, kazi iliyokwisha, shirikisho, wiki nane. Alisema "mimi" kila mahali ilipostahili.

Tate alikuwa ameegemea jokofu. "Kwa hiyo ulikuwa utani," alisema.

"Ndiyo."

"Nilidhani Kocha Dykstra ndiye kanitaja. Nimemwonyesha kila mtu shuleni. Baba ameitazama mara arobaini."

"Ningekuwa na la kusema, Tate, ningelisema."

"Unalo kila siku! Leo ndio umekosa?"

"Tate," Arlys alisema.

Merle alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, taulo shingoni. Aliinua kidole kimoja, wakanyamaza wote, kwa sababu maneno yake sasa yaliingojea nafasi.

"Wiki nane," alisema. "Ni... Oktoba."

"Mwisho wa Oktoba," Kip alisema. "Ikiwa watakubali."

Merle akatazama kalenda ya kampuni ya mbegu iliyotundikwa juu ya sinki. Alisogeza midomo. Kip alijua hesabu gani inafanywa pale, na hakuwa na uso wa kuiangalia, lakini aliiangalia.

"Oktoba naweza," Merle alisema mwishowe. "Novemba... pia. Nitajitahidi." Kisha jicho lake likamtafuta Kip, na ndani yake kulikuwa na kitu cha zamani, cha mtu aliyewahi kuficha viatu vya wenzake kwenye chumba cha kubadilishia nguo. "Wewe. Ulitajwa. Saa ishirini na nne... zimepita jana."

"Zimepita," Kip alikiri.

"Nje," Merle alisema.

Arlys alikisukuma kiti cha Merle hadi barazani. Tate alijaza ndoo ya nguruwe kwenye bomba la zizini, akamimina mfuko mzima wa barafu. Hakutabasamu. Hakuna aliyetoa simu. Kip alisimama kwenye nyasi ameinamisha kichwa, na Tate hakumwaga, alirusha. Barafu ilimpiga masikio na kifua kama kokoto, akakosa pumzi, akamwita mama yake, naye hakuwa na Kifrisia cha kujifichia.

Merle akacheka kutoka barazani. Kilianza kikiwa kicheko. Katikati kikanasa, kikageuka mkwaruzo, na Arlys akamwinamisha mbele akimpiga mgongo, "Taratibu, Merle, taratibu, vuta," na Tate akadondosha ndoo akakimbia.

Kip alibaki uani analowa, maji yakimchuruzika ndani ya viatu. Alihesabu sekunde. Nne zilipita, na nyingine nne. Kwenye ya kumi na moja akasikia pumzi ikirudi, ndefu, mbaya, kama mlango wa zizi unaovutwa. Hakuna aliyemwambia aingie na hakuna aliyemwambia aende. Aliokota ndoo, akaipeleka bombani, akaanza kuisuuza.